Nguo Zote Zimefuliwa, Pua ya Tutaona Inasubiri

Saa kumi na mbili asubuhi, Busi, wilayani Kondoa. Nikodemo Chilewa amechuchumaa nje ya uwanja wa Mustapha Juma, mkono mmoja shingoni mwa mbwa wake, Tutaona. Anaomba kitu kimoja tu: nguo ya Bi Joha ambayo haijafuliwa.

Hakuna.

Bi Joha, mama yake Mustapha, ana miaka sabini na tisa na siku hizi husahau. Jana alasiri alitoka, hajarudi. Majirani wakaja kama ilivyo kawaida hapa: nyumba ikipatwa na jambo, wanawake wanashika kazi ili wenyewe wapumue. Wakafagia uwanja wote. Wakafua kanga zake, shuka, hata foronya. Vyote viko kwenye kamba, vinanukia sabuni.

"Mmemfagilia njia yake," anasema Nikodemo kwa sauti ya chini.

Ana sababu ya kuogopa. Mwaka juzi aliitwa kijiji cha jirani kumtafuta mzee, akakuta kila kitu kimefuliwa. Walimpata siku ya tatu. "Tulichelewa," anasema.

Nikodemo, 54, ni mkulima. Haya mambo aliyaanzia Ipagala, Dodoma mjini, alikokuwa mlinzi miaka kumi na moja. Mbwa wa pale alikuwa akitikisa mkia kabla mlinzi wa zamu hajakata kona. Aliporudi kijijini akaanza kumfundisha wake, kwa mbuzi waliopotea. Kwa mbuzi hupewa kuku. Kwa mtu hapokei kitu.

"Sisi tunanusa mchuzi," anaeleza. "Yeye ananusa kitunguu peke yake, nyanya peke yake, na mkono uliopika."

Ila umande ndio unaoshika harufu chini. Jua likiukausha, harufu nayo inakwenda. Saa tatu ikifika, anasema, itakuwa kubahatisha.

Jirani mmoja anaguna kwamba mbwa mwenyewe mbavu za kuhesabu, atampata nani.

Nikodemo anauliza: bibi hushika nini ambacho mwingine hashiki? Mustapha anafikiri, kisha anakimbilia ghalani.

"Jembe. Hata mimi nikiligusa hunigombeza. Juzi kalima nalo."

Nani angefua mpini wa jembe? Mustapha analilaza nje, maana mbwa haingii kwenye nyumba hii. Tutaona anapitisha pua kwenye mpini, taratibu, kisha anarudia.

"Mzee Niko, pua yake imelowa," anasema Mustapha. "Kwa dini yetu itabidi tuoshe mara saba, moja kwa udongo."

"Mtaosha. Kwanza bibi."

Wanazunguka nje, ambako fagio halikufika. Nyuma ya jiko Tutaona anainamisha kichwa na kuvuta kamba. Wanamfuata, Mustapha bado ana jembe mkononi. Kwenye njia ya lamboni mbuzi wameshapita, wamevuruga kila kitu. Mbwa anazunguka, anarudi, anasimama. Saa mbili na nusu. Mustapha anataka kumwita mama yake kwa sauti. Nikodemo anamzuia kwa mkono.

Tutaona anainua pua juu, anavuta hewa kwa pumzi fupi fupi. Upepo unatoka upande wa korongo. Anaondoka.

Bi Joha amekaa chini kabisa ya korongo, mguu umevimba, midomo imekauka. Anamtazama mwanawe, kisha jembe.

"Mustapha. Jembe langu nani kakuruhusu?"

Mustapha anakaa kwenye mchanga na kulia.

Tutaona sasa ana miaka tisa, na Nikodemo ameanza kumfundisha mtoto wa mbwa huyu. Kwenye mikutano ya vijiji anataka kuomba nafasi aseme neno moja: kabla ya fagio na sabuni, iacheni nguo moja chafu ya aliyepotea.

Saa tano asubuhi hiyo, bibi akiwa amerudishwa nyumbani, Mustapha yuko kando ya ndoo, anamalizia kuosha mpini mara ya saba.

"Sasa halina harufu yake tena," anasema.

Nikodemo anafunga kamba ya mbwa. "Mguu ukipona, mpe alime. Itarudi."