Mtani wa Masanja

Zenon hakuwa mchawi. Nalisema hili mapema kabisa, kabla hujaanza kunikodolea macho, maana ukisikia tu mtu ni Mfipa na alikuwa anakaa Sumbawanga, kichwani mwako umeshampandisha kwenye ungo. Mpishi alikuwa, basi. Mpishi hodari wa supu, mume wa Dominika wa kijiji cha Msanzi, baba wa watoto, mwenye kashamba ka ulezi, na kanisani aliimba besi mpaka madirisha yakatikisika.

Miaka mingi alipikia kantini ya shirika moja la umma pale mjini. Zikaja zile enzi za ruksa, kila kitu ruksa, na shirika nalo likapata ruksa ya kufa. Wafanyakazi wakapunguzwa, Zenon akiwemo. Akajaribu kuuza mitumba Laela siku za gulio, wapi! Mtu akimlilia shida, anampa shati bure. Ndipo tajiri mmoja wa Arusha akapata kibali cha kufungua kambi ya watalii bondeni, kwenye kinamasi cha Ziwa Rukwa, akawa anatafuta mpishi. Zenon akafunga mzigo, akateremka Lyamba lya Mfipa, ule ukingo wa milima, akaiacha baridi yake juu.

Kambi yenyewe ilikuwa mahema makubwa ya turubai, kila moja na nguzo ya chuma katikati, kitanda cha shuka nyeupe, beseni la kunawia na kibaraza kinachotazama mbuga. Mbele matete na maji, matete na maji, mpaka jicho linachoka. Mti hata wa dawa hakuna. Wageni walikuja kutazama ndege na viboko, wakakaa kwenye vile vibaraza na darubini zao, wakasema pazuri, pazuri mno. Zenon hakupaona hivyo. Asubuhi alikuta nyayo za kiboko zimezunguka jiko, na matete yalikuwa yanatikisika hata pasipo upepo. Aliporudi likizo alimwambia Dominika, "Mama, kule mahali pamekaa kama panakungoja." Dominika akamwambia aache maneno hayo, na watoto wanasikia.

Kilichomfanya avumilie pale ni Masanja. Huyu alikuwa mtu wa makamo ya kuoa mke wa pili, wazazi wake Wasukuma waliohama na ng'ombe wao kutoka Shinyanga wakaja kufungua boma bondeni. Kazi yake kambini ilikuwa mahema: kufagia, kutandika, kuwapelekea wageni maji ya kuoga. Sasa Mfipa na Msukuma ni watani, na mtani ana haki ya kukutukana mbele ya mkweo, na ukinuna wewe ndiye mwenye kosa. Siku ya kwanza tu Masanja alichungulia sufuria akauliza, "We Mfipa, humu umetia nini? Nisije nikaota napaa." Zenon akamjibu, "Wewe uote kupaa? Wewe unaota ng'ombe tu, na hao wenyewe wanakukimbia." Kuanzia hapo wakawa pua na mdomo. Zenon alimpenda yule mtu kama ndugu wa tumbo moja, na kila asubuhi alimtukana ili ajue.

Ikaja ile siku, mvua za kwanza zikiwa zinanukia. Wageni wamekaa mezani wanasubiri chakula cha mchana. Zenon anafunua sufuria, kichwa cha samaki alichojiwekea hakipo.

"Masanja! Kichwa cha samaki kiko wapi?"

"Kimepanda ungo, kimekwenda kwenu Sumbawanga," akajibu Masanja, mdomo unang'aa mafuta.

Wafanyakazi wote wakaangua kicheko. Zenon akanyanyua mwiko juu, akakunja uso kama mganga. "Sawa. Leo hii nakutumia radi. Usije ukasema hukuambiwa!"

"Itume na mvua kabisa," akasema Masanja akimpigia magoti, "ng'ombe wetu wana kiu."

Edith, dada aliyekuwa msimamizi wa kambi, akawatafsiria wageni. Nao wakacheka, na mmoja akapiga picha ya Zenon na mwiko wake. Jamani, utani gani wa kawaida kama ule! Kila Mfipa ameshawahi kumwahidi Msukuma radi.

Alasiri wingu likashuka kutoka upande wa milima, jeusi, la haraka. Upepo ukaanza kupigapiga turubai. Edith akapiga kelele mahema yafungwe, vitanda vya wageni visilowe, na wageni wakakimbilia banda la kulia. Masanja akaenda hema moja baada ya jingine akikaza kamba. Alikuwa kwenye hema la mwisho, lile lililo karibu na maji, ameshika nguzo ya chuma kwa mikono miwili ili lisiangushwe na upepo. Zenon alikuwa anamtazama kutoka jikoni. Mwanga ukapiga, weupe mtupu, na mlio wake ukaja papo hapo, na lile hema likaruka.

Zenon alifika wa kwanza. Alimkalia Masanja kifuani akimsukuma, akimpiga makofi, analia huku mvua inamwingia mdomoni. "Masanja, acha utani! Amka bwana, acha utani, ndugu yangu!" Masanja hakuamka. Zenon alipoinua kichwa aliwaona wafanyakazi wenzake wamesimama mbali, na hakuna aliyekuwa anamtazama maiti. Walikuwa wanamtazama yeye.

Chakula cha jioni kilirudi jikoni sahani zimejaa. Edith alizileta mwenyewe.

"Hawana njaa, mzee Zenon."

"Wamesema nini?"

"Yule aliyepiga picha ameniuliza kama ni wewe. Nimemwambia ulikuwa utani tu."

"Na wewe, Edith, umekula?"

Edith akatazama masufuria. "Mimi ni majonzi tu, mzee wangu," akasema, akaondoka upesi.

Asubuhi wageni wakaamua kuondoka, na Landrova ikawashwa kuwapeleka Sumbawanga. Edith akamfuata Zenon nyuma ya jiko, akamshika mkono. "Panda gari, nakuomba. Sungusungu, wale walinzi wa bomani kwa kina Masanja, wamekaa kikao tangu alfajiri, na filimbi zimelia. Unawajua wale wakimshika mtu."

Zenon aliwajua. Lakini fikiria mwenyewe. Mtani hakosi mazishi ya mtani wake. Ndiye anayeruka shimoni kaburi likishachimbwa, anazuia maiti asizikwe, anatukana ukoo mzima mpaka wafiwa wacheke katikati ya kilio na kumpa chochote atoke. Akipanda gari leo, ndiyo amekiri kwa miguu yake. Na wale wakitaka kupanda mlima, Msanzi si mbali, na Dominika na watoto wako pale. Akienda mazishini, huenda asirudi. Halafu kulikuwa na lile jingine, ambalo hakulisema kwa Edith: alitaka kumzika rafiki yake.

"Wapeleke wageni," akasema. Akavua aproni, akashika njia ya bomani, kwenye mazishi.

Kulikuwa na watu wengi na kimya kikubwa. Vijana wa sungusungu walikuwa na marungu, filimbi zinaning'inia shingoni. Walimwona anakuja, wakampisha, njia ikafunguka moja kwa moja mpaka kaburini. Hilo lilimtisha kuliko kama wangemzuia. Akajilazimisha.

"Ondokeni hapa!" akapaza sauti. "Huyu mvivu amekimbia kufagia mahema, sasa anataka kulala? Nalala mimi kwanza!" Akaruka shimoni, akajinyoosha chali. "Sitoki mpaka mnipe fahali! Wachoyo nyie, wanywa maziwa!"

Hakuna aliyecheka. Kutoka kule chini aliona mbingu na vidole vya miguu kuzunguka shimo. Bonge la udongo likamwangukia kifuani. Likaja jingine, shavuni. Aliogopa, na bado akaendelea kuropoka matusi, machozi yanamwingia masikioni, maana akinyamaza tu, basi.

"Mpeni jogoo wake." Sauti ya Mboje, mama yake Masanja. "Mpeni na mkono, atoke."

Mikono ikashuka, ikamvuta juu. Jogoo akaletwa. Maiti akashushwa, mama mtu akalia, udongo ukajazwa, na Zenon alishika koleo pamoja na wengine wala hakuna aliyemgusa. Akaanza kupumua. Akasema moyoni, nimepona, Mungu mkubwa, wameelewa.

Mambo yalipokwisha akamwendea Mboje kumpa pole. Yule bibi alikuwa na umri wa mama yake Zenon, na kila alipoleta maziwa kambini alikuwa anamvuta sikio na kumwita mla panya. Zenon akainamisha kabisa kichwa, sikio ameliweka tayari kuvutwa.

Mboje hakulivuta. Alipiga goti polepole, macho chini.

"Shikamoo, baba," akasema.

Nyuma yake wazee wa sungusungu wakavua kofia. Wenye mvi, wenye wajukuu, mmoja baada ya mwingine. "Shikamoo. Shikamoo, mzee." Mama mmoja akamvuta mtoto wake, akamficha ndani ya khanga.

Zenon akatafuta tusi, hata moja dogo, la kuwarudishia. Halikuja. Asipoitikia, watasema amewakasirikia, na usiku huu hakuna atakayelala. Akiitikia, ndiyo basi tena, amekubali kuwa hicho wanachokiogopa.

Mboje alikuwa bado amepiga goti, anatetemeka, anangoja.

"Marahaba," akasema Zenon.