Bakr na Makaa Yasotaka Kuwaka

Bakr wa Wiyoni hajui kukaa. Ukimuona amekaa, ujue yuko juu ya pikipiki yake, na hata hapo mguu mmoja uko chini unachezacheza. Chakula anakula amesimama. Chai anainywa ya moto, kisha anazunguka nusu ya mtaa akilalamika ulimi umeungua. Mamake alikuwa akisema mtoto huyu alizaliwa mkunga bado yuko mlangoni anavua viatu. Watu wa Wiyoni watakwambia: ukiwa na mgonjwa wa kukimbizwa hospitali, mwite Bakr, atakuwa kwako hujakata simu. Ukitaka mtu wa kukupangia foleni, tafuta mwengine.

Na ni haraka hiyo hiyo ilomfukuzia mke.

Ilikuwa Alkhamisi, alasiri. Sumeiya, mkewe, alikuwa ameweka jiko lao dogo la udongo mlangoni, pale panapopita upepo, anakoleza makaa ya kufukizia nyumba udi. Ndivyo alivyofunzwa na mamake kule Pate, kila Alkhamisi nyumba inukie. Bakr akaja na njaa yake na kichwa moto, kagombana na abiria njia nzima. Kufika, jiko limeziba mlango.

"Toa hiki kitu nipite."

"Subiri makaa yashike. Bado kidogo tu."

"Subiri, subiri! Nyumba hii kila siku subiri!"

Akalipiga jiko teke.

Jiko likapasuka. Makaa yakaruka mpaka mkekani, moja likatua kwenye leso ya Sumeiya, leso alopewa na mamake siku anatolewa nyumbani kwao. Hakuungua mtu, alhamdulillahi, lakini leso ilitoboka. Sumeiya hakupiga kelele. Angepiga kelele, Bakr angejua la kufanya, angepiga kelele zaidi. Yeye aliikung'uta leso, akakusanya nguo zake kwenye begi, na asubuhi yake akapanda mashua ya Pate. Toka siku hiyo Bakr akipiga simu, anayepokea ni mama mkwe, Bi Kadija. Anasema, "Yuko salama," kisha anakata.

Mpaka asubuhi moja Bi Kadija akapiga mwenyewe.

"Bakr. Yeo twaya, mimi na mwanangu. Nataka kuiona nyumba hiyo kwa mato yangu. Nikiridhika, atasalia. Nisiporidhika, narudi naye na mashua iyo iyo, na talaka utaileta Pate kwa mikono yako."

"Mama, mimi..."

Simu ikakatwa.

Wanakuja leo! Bakr akaruka. Akafagia, akadeki, akafagia tena palipokuwa na maji bado ikawa matope. Vyombo vya siku zote hizo akavisugua. Shuka akabadilisha. Akasimama katikati ya chumba, akanusa. Nyumba ilinuka dagaa, petroli na soksi. Nyumba haikunuka mke.

Udi ulikuwepo. Sumeiya aliacha kikopo chake juu ya kabati, na chetezo cha kufukizia pembeni yake. Kilichokosekana ni makaa. Jiko ndilo lile, vipande viwili nyuma ya mlango. Gesi ilikwisha zamani, yeye alikuwa anakula mahamri ya kununua. Akapekua kabatini kwa hasira, nguo zinaruka, na chini kabisa akakuta mrija wa makaa ya shisha, vile vidonge vyeusi vya mviringo vilivyofungwa foili, vya enzi za ukapera.

"Haya basi!" akasema peke yake. Akachukua kidonge kimoja, akakishika kwa kibano cha nyusi cha mkewe, akakiwashia kibiriti. Hakikushika. Njiti ya pili, ya tatu, mpaka boksi likabaki njiti za kuhesabika. Kidonge kilitoa cheche mbili, kikafuka kidogo, kikazima.

Akampigia Fadhil. Fadhil ni rafiki yake wa tangu madrasa, na toka serikali ipige marufuku shisha, yeye alihamishia yake chumbani kwa nyanya yake. Mtu akifanya jambo kwa kujificha, anajua njia zote.

"Makaa hayo ya lini?" Fadhil akauliza.

"Ya kabla sijaoa."

"Ewe Bakr! Hayo yamekunywa unyevu mpaka yamelewa. Ungeyatia kwenye kopo lenye kifuniko. Sasa hayo ni biskuti."

"Nipe dawa, mdomo weka."

"Gesi huna?"

"Ningekuwa na gesi ningekupigia wewe?"

"Basi toboa mkebe. Mkebe wa maziwa, matundu chini na ubavuni, tia vifuu vya nazi vivunjwe vidogo, washa, makaa weka juu. Hakuna rahisi kama hiyo, vifuu vya bure. Lakini hiyo si yako wewe. Hiyo inataka mtu akae chini."

"Nyingine!"

"Pindua pasi."

"Pasi gani?"

"Pasi ya stima, bwana! Ipindue tumbo juu, moto mwisho, weka kidonge. Ukiunguza nyumba mimi sikukwambia kitu."

Bakr hakungoja mwisho. Akaipindua pasi ya Sumeiya, akaikaza kwa matofali mawili, akaweka kidonge juu. Akasimama anakitazama kama polisi anamtazama mwizi. Kikaanza kufuka. Ukingoni kikatokea kidoa chekundu, kidogo kama jicho la panya. Bakr akaanza kucheka. Hapo hapo mita ya stima ikalia pii, feni ikazunguka zunguko la mwisho, nyumba ikanyamaza. Tokeni zimekwisha.

Alitukana neno ambalo hapa haliandikwi. Pasi ikabaki na duara jeusi tumboni.

Akajaribu mshumaa. Mshumaa ukampa masizi, nta kwenye sakafu alodeki, na kidole kilichoungua. Huku simu inaita, wateja wanataka boda, kila mmoja yuko haraka kuliko mwenziwe. Akaitupa simu kitandani. Akatoka nje, akazunguka pikipiki, akarudi, akatoka tena. Kisha macho yakaangukia chupa ya mafuta ya taa.

Hapo hata mimi ningemshika mkono, lakini nani alikuwepo?

Akavitia vidonge vitatu kwenye chetezo, akavimwagia mafuta, akawasha. Ukaruka mwali mpaka akarudi nyuma, nyusi zikanusurika kwa rehema za Mungu tu. Makaa yakashika. Yakashika kweli! Bakr akaona amewin. Makaa bado meusi tumboni, mafuta bado yanachemka juu yake, yeye akachota udi wa mkewe vidole vizima akautia.

Moshi uliotoka haukuwa wa udi. Ulikuwa moshi wa lori lililoharibika. Ukapanda darini, ukajaa chumbani, ukaingia kwenye shuka aliyobadilisha. Bakr anapepea kwa mfuniko wa sufuria, anakohoa, machozi yanamtoka, na hapo mlangoni sauti ikasema:

"Hodi wenyewe."

Bi Kadija ni mwanamke mfupi, na akiingia mahali watu husogea bila kujua kwa nini. Aliingia na buibui lake, akasimama, akanusa. Nyuma yake Sumeiya na begi lile lile. Hakumtazama Bakr, alitazama chetezo.

"Masalkheri mama," Bakr akasema, akikohoa. "Karibuni."

"Bakr. Yeo wafukiza nyumba au waua kunguni?"

Sumeiya aliuma mdomo. Hakucheka, lakini aliuma mdomo, na Bakr aliona.

"Makaa yalikuwa na unyevu, mama."

"Na udi wa mwanangu je, ulikuwa na kosa gani?" Bi Kadija akafungua dirisha. Hakukaa. Akatoa kwenye mkoba kifundo cha kitambaa, akakiweka mezani. "Huu udi tumeusaga jana. Mimi nikiingia nyumba ya watu hufukizwa, ndipo hukaa, ndipo hunena. Washa makaa. Mashua yetu yangoja maji. Maji yakijaa, naondoka. Kama hatuyanena bado, naondoka naye."

Bakr alihisi damu inampanda shingoni. Alikuwa na maneno, tena mengi. Akamtazama Sumeiya, Sumeiya akatazama pembeni. Maneno akayameza, akatoka uani.

Mkebe alikuwa nao, wa maziwa ya unga, anawekea misumari na nati za pikipiki. Akaumwaga, akautoboa kwa bisibisi, matundu chini na ubavuni. Vifuu akaviokota kwenye jalala la jirani, akavivunja kwa jiwe, akatia na nyuzi za makumbi ya nazi chini yake. Akawasha njiti. Ikazima. Upepo wa uani ulikuwa unakuja kila upande. Akabaki na njiti mbili.

Pahali pamoja tu palikuwa na upepo mzuri, wa kupita moja kwa moja. Mlangoni.

Akausimamisha mkebe kizingitini, pale pale. Njiti ikashika makumbi, makumbi yakashika vifuu, moto ukaanza kunguruma mkebeni. Vidonge vingine akavipanga juu kwa kibano. Na hapo hapakuwa na la kufanya tena. Bakr akakaa chini.

Sumeiya naye akaja akakaa upande wa ndani wa mlango, mkebe katikati yao. Alikuwa kajifunga leso ile. Tundu lilikuwa limetiwa kiraka cha leso nyingine, rangi haziendani, nyuzi zimeshikwa moja moja. Bakr akakiona kile kiraka na hakuwa na pa kupeleka macho.

"Nitakununulia nyingine," akasema.

"Hiyo ya kununua, avae nani?"

Goti la Bakr likaanza kuchezacheza. Akalishika kwa mkono.

Ndani Bi Kadija akapaza sauti. "Bado?"

"Bado mama."

"Mashua ya kutoka Pate ilikuwa na tanga la magunia, na ilikuwa na mbio kuliko wewe!"

Bakr akakaza meno. Akachungulia mkebe. Vidonge vilikuwa vyekundu chini, juu bado vyeusi. Mkono wake ukaenda kwenye kibano. Vinatosha, akajiambia, avitie kwenye chetezo, udi juu, moshi utatoka tu, mambo yaishe. Akakishika kimoja, akakiinua. Kilikuwa kinatoa ule moshi mwembamba unaochoma pua. Sumeiya alikuwa anautazama mkono wake.

Akakirudisha.

"Bakr!" Bi Kadija alikuwa amekuja mlangoni, mkoba kwapani. "Maji yamejaa. Sumeiya, twaa begi. Twende ndia."

Sumeiya hakuinuka. Wala hakukaa sawasawa. Alishika begi, akangoja.

Na Bakr akalipuka, kwani angeacha kuwa Bakr? Lakini alilipuka amekaa. "Mama, subiri! Mimi makaa haya sikuletei yakiwa meusi. Nishachoma leso, nishachoma pasi, nishanukisha nyumba mafuta ya taa, yote kwa kuharakisha. Yakishika majivu meupe kote nitayaleta. Ukitaka kwenda, nenda, na mwanao nitamfuata Pate nikiwa na chetezo mkononi. Lakini meusi, wallahi siyaleti!"

Jirani alokuwa akianika nguo aliacha nguo.

Bi Kadija akamtazama kwa muda. Akautazama mkebe, akautazama mlango uliozibwa, hata angetaka kwenda ingembidi auruke moto. "Hiyo pasi pia umeichoma?" akauliza.

"Imepata doa tu."

"Haya," akasema, na akakaa. Alikaa kwenye kile kiti alichokikataa tangu aingie. "Hayo maneno ya Pate usiyasahau. Chetezo mkononi. Nataka kukuona hivyo kwenye mashua."

Makaa yakaja. Yakavaa jivu jeupe, wekundu ukichungulia ndani yake, bila moshi, bila harufu. Bakr akayahamisha moja moja, polepole, ulimi nje kama mtoto anayeandika. Sumeiya akafungua kifundo, akadondosha udi kidogo tu, ncha za vidole. Moshi ukapanda mweupe. Bi Kadija akaukusanya kwa mikono miwili, akautia ndani ya buibui, akafumba macho. Mazungumzo yenyewe hayakuwa marefu. Alisema atakalo, Bakr akasema ndiyo pale pa ndiyo, na pale alipotaka kubisha alikohoa.

Kisha ikawa mbio kweli. Bi Kadija akapandishwa pikipiki, upandeupande, buibui limefungwa fundo lisiingie gurudumuni, mkono mmoja umeshika shati la Bakr mpaka kifungo kikatoka.

"Pole pole, mshenzi we! Waniua!"

"Mama, mashua inaondoka!"

"Na iniache, na maji yende! Pole pole!"

Akaenda pole pole. Alipitwa na punda. Alipitwa na Fadhil kwa miguu, akimpigia makofi. Mashua waliikuta, nahodha anatoa kamba, na Bi Kadija akapokewa mkono na watu wawili. Hakumuaga Bakr kwa maneno mazuri. Alisema tu, "Alkhamisi makaa ni juu yako. Yeye kazi yake udi." Akaketi kati ya magunia, akageuza uso upande wa Pate.

Bakr akarudi, na kwa mazoea ya mkono akakaza moto, pikipiki ikanguruma kote mtaani. Kuifikia kona ya kwao akasikia harufu ya udi kabla hajaiona nyumba. Akaacha pikipiki, akakimbilia mlangoni.

Mkebe ulikuwa pale pale kizingitini, umejazwa vifuu vipya, unanguruma. Ndani, begi lilikuwa wazi juu ya kitanda.

"Usiguse," Sumeiya akasema kutoka ndani. "Bado kidogo."

Bakr akaweka mikono kiunoni. Akavua viatu, akavuta kigae cha jiko lile lililopasuka, akakikalia nje ya mlango wake mwenyewe, goti linacheza.