Miguu ya Tate

Nilipokuwa mtoto kule Nyabiondo, nilifundishwa kuogopa nyayo za bibi yangu. Tulimwita Tate. Miguu yake ilianza kwa kutambaliwa na siafu ambao hakuna mwingine aliyewaona, kisha ikawaka moto hadi akawa analala ameitoa nje ya blanketi, na mwisho ikanyamaza kabisa. Jioni moja kaa la moto lilimwangukia kisiginoni, naye akaendelea kumenya muhogo mpaka mimi niliposikia harufu ya nyama.

Majirani wakakata shauri: amekanyaga dawa iliyofukiwa njiani, na atakayepita juu ya alama zake ataipata. Mvua ikinyesha, nyayo zake zilibaki wazi kwenye udongo wa njia ya shambani, na wanawake walizikwepa.

"Batoto, musikanyage fasi alikanyaga!" alipiga kelele Mama Furaha, jirani tuliyezoea kuazimana naye chumvi.

Nilikuwa nyuma ya Tate, nimebeba jembe. Alisikia. Alitoka njiani akapita kwenye majani, asiache alama, na tangu siku hiyo alipita huko huko. Nilitamani ardhi inimeze. Hata leo sijui kama nilimwonea haya yeye au niliona haya kwa kutazamwa nikiwa pamoja naye.

Sasa ninauza mawese sokoni Kashebere, na wale siafu wamenifikia. Walifuatwa na moto, moto ukafuatwa na ganzi. Muuguzi alinieleza vizuri: ni sukari, inaharibu mishipa ya fahamu, hakuna aliyefukia kitu. Nikaitikia. Akasema mtu wa nyumbani atazame nyayo zangu kila siku, maana sitasikia kidonda. Nilifika nyumbani nikavaa soksi. Binti yangu Neema akiuliza, nilimdanganya kwamba nimeshatazama. Mtu mzima, ninamwogopa mtoto niliyemzaa!

Jumapili moja, tulipotoka kanisani, aliona damu kwenye kiatu changu.

"Mama, leta muguu."

"Iko muzuri, acha."

"Mama. Leta."

Alivua soksi, akauweka mguu kwenye kitenge chake cha kanisani. Msumari ulikuwa umezama chini ya vidole, sijui tangu lini. Mikono yake sikuihisi hata kidogo. Ilibidi nimtazame usoni ili nijue kama bado amenishika. Alikuwa amenishika. Maneno ya muuguzi, kwamba hakuna aliyefukia kitu, niliyaelewa zamani, lakini kuyaamini kulinichukua muda mpaka hapo. Ile haya ya utotoni bado ninayo, ila mguu sikuurudisha.