Anayeshika Kamba Chini

Mtaa mzima ulimwita Mjusi, maana alipanda mwamba kana kwamba viganja vyake vina gundi. Alilea watoto kwa kuwapandisha wageni huko juu. Lakini tangu kiharusi kilipomlegeza mkono wa kushoto, hakukanyaga tena mwambani. Alishinda sebuleni kaugeukia ukuta, viatu vyake vya kupandia vikishika vumbi uvunguni.

Mkewe, fundi cherehani, alimbembeleza hadi akachoka. Asubuhi moja akauvaa mkanda wa mumewe wa kupandia, akaukaza kwenye kiuno ambacho, tuseme ukweli, hakikuwa tena cha usichana, akatangaza kwamba anakwenda kupanda na binti yao.

"Wewe hata kiti cha kubadilishia balbu hukipandi," Mjusi akasema.

"Ndiyo maana nataka uje ukague fundo langu."

Akaenda, kanuna. Njia ilipita vichakani, kisha ikawa changarawe tupu ya kupanda. Alipokatika pumzi alisingizia kiatu, na mkewe akainama kufunga chake, ili wapumzike wote bila mtu kuaibika.

Chini ya mwamba, fundi akajifunga kamba mwenyewe. Fundo likatoka zuri, na ncha akaichomeka ndani isionekane, kama anavyoficha uzi kwenye pindo. Mjusi akalitazama, akacheka. Kicheko hicho mkewe alikuwa amekitamani kuliko hata pesa za wageni zilizokatika.

"Mama watoto, hili ni gauni? Ncha inaachwa ndefu, kila mtu aione. Ikichomoka hii, na wewe umechomoka."

Akalifungua kwa mkono mmoja na meno, akaanza kulifunga upya. Ilichukua muda. Binti alitaka kusaidia, mama yake akamkanyaga mguu.

Binti akatangulia, kisha akamvutia mama kamba kutoka juu. Fundi alipanda kwa magoti, kwa viwiko na kwa dua. Miaka yote aliuonea wivu mwamba ule kama mke mwenza. Alipofika kileleni na kuona anga lilivyomzunguka, akausamehe kidogo.

Kushuka kulikuwa balaa jingine. Unaketi kwenye mkanda, unauegemea utupu kwa mgongo, na kamba inapita polepole kwenye chuma cha kiunoni. Aliye chini huishika. Ukiteleza, yeye akiivuta tu, unasimama hapo hapo.

"Baba, shika kamba!" binti akaita.

Mjusi akautazama mkono wake uliolegea. "Mkono mmoja haulei mwana."

"Mimi sitaki kulelewa, nataka kushuka," mkewe akajibu kutoka juu. Akajiachia kabla hajabadili nia.

Katikati ya safari mguu ukateleza. Kwa hofu akaiachia kamba, nayo ikachuruzika. Ghafla ikakaza, akabaki akining'inia, mzima.

"Nimekushika," sauti ikatoka chini.

Fundi akalia huko huko hewani, kwa furaha, wala hakuona haya.

Miguu ilipogusa ardhi, aligeuka akamtazama mumewe. Mkono wa kulia ulikuwa umeing'ang'ania kamba, na ule wa kushoto ameulaza juu yake.

"Niachie sasa, baba watoto. Nimeshafika."

"Ngoja kwanza," Mjusi akasema, na kamba hakuiachia.