Ritifaa ya Ng'ombe

Kazi iliyomchosha Herieth kuliko zote alizowahi kuzifanya haikuwa na mshahara wala bosi. Hakuna aliyemwajiri, hakuna aliyemlazimisha, na mpaka leo wapo watu mjini Mbinga wanaoamini kwamba mwaka ule mama yule alikuwa anapoteza wakati tu mbele ya kompyuta.

Alizaliwa Lipingo, kando ya Ziwa Nyasa, katika ukoo wa Waanglikana wanaoishi kwa usipa, dagaa wa ziwa hilo, na kwa mihogo. Akasomea uhazili, akapanda milimani Mbinga kupiga chapa katika ofisi moja ya ushirika wa kahawa, na huko huko akaolewa na Kilian, fundi seremala wa Kimatengo. Taipureta yake ilisikika mpaka barabarani. Halafu soko likafunguliwa. Wanunuzi binafsi wakaja na magari yao na mizani yao, wakulima wakauza kahawa walikotaka, na ofisi ikanywea mwaka hata mwaka. Wakapunguzwa walinzi, wakapunguzwa makarani, mwisho wakapunguzwa wapiga chapa. Herieth akarudi nyumbani, akauza maandazi, akauza mitumba, akavichoka vyote viwili.

Miaka ikapita, ndipo Padri Othmar alipofungua chumba cha kompyuta kando ya parokia. Mashine zilikuwa kuukuu, zimetumwa na marafiki wa ng'ambo, na zilikuja tupu, bila programu ya kuziendesha. Kununua mfumo unaouzwa madukani kwa ajili ya kila mashine kusingewezekana, kwa hiyo fundi mmoja wa Songea aitwaye Rodrick akaziwekea mfumo huria, ule ambao watu wa nchi mbalimbali huutengeneza kwa kujitolea na kuugawa bure, kila mtu autumie na, akiweza, aurekebishe. Padri alimchukua Herieth asimamie chumba, bila kujali kwamba Jumapili mama huyo alisali kwa Waanglikana. Alitaka mtu anayejua kupiga chapa na asiyeogopa mashine.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Alichapa mitihani ya walimu wa Kingerikiti, kadi za harusi, ratiba za misa, barua za kuomba kazi. Umeme ulikuwa wa mgao. Ulipokatika alisubiri, uliporudi aliendelea, na mgongo wake ukazoea kiti kibovu alichotengenezewa na mumewe.

Kisha akaja Gaudiosa. Huyu alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa kijiji cha Ruanda waliofuga ng'ombe wa maziwa. Walikuwa wamepata habari kwamba wageni wa mradi fulani wanakuja Mbinga kusikiliza vikundi, na kikundi kitakachowaridhisha kitapewa mitamba. Masharti yalikuwa kufika na taarifa iliyochapwa. Herieth aliipiga taarifa yao kwa uangalifu, akaipanga ikapendeza, akaihifadhi kwa jina la Ng'ombe Ruanda. Asubuhi ya mkutano Gaudiosa akafika kuchukua nakala. Herieth akaagiza printa. Kompyuta ikasema imemaliza. Printa haikutikisika.

Akaagiza tena. Kompyuta ikasema imemaliza. Akachomoa waya, akauchomeka. Akazima mashine, akaiwasha. Akahamia mashine nyingine. Kilichomvuruga zaidi ni kwamba mtihani wa mwalimu aliyekuwa anasubiri nyuma yake ulitoka wote bila shida, karatasi baada ya karatasi, huku Gaudiosa amesimama pale na kitenge chake cha sherehe mabegani, akizitazama karatasi za watu wengine. Halafu umeme ukakatika.

Gaudiosa akaenda mkutanoni na mdomo wake mtupu. Alisema vizuri, waliokuwepo wanasimulia, lakini wageni walipoomba taarifa hakuwa na cha kuwapa. Mitamba wakaenda kwa kikundi kingine.

Siku iliyofuata alirudi. Hakuja kugombana. Alimwamkia Padri, akasimama mlangoni mwa chumba cha kompyuta, na mbele ya watu wote waliokuwa kwenye foleni akasema kwa sauti ya taratibu kabisa, "Padri, huyu dada ni mtu mwema. Lakini mashine hizi hazijui. Mtafutie kazi nyingine."

Padri hakumwondoa. Ila tangu siku hiyo akawa anapita pita pale chumbani kuliko zamani, anauliza kama kuna tatizo, na Herieth alijua anaulizwa nini. Angetukanwa angejibu. Lakini hata yeye hakujua kama mwenye kosa ni yeye au ni mashine.

Akaanza kutafuta. Kila alipopata nafasi kati ya mteja na mteja, alirudia kazi ile ile ya Ruanda. Ilikuwa kazi ya kuchosha, kama kuchambua mchele usioisha. Hatimaye aliyahamisha maneno yote ya taarifa ile katika faili jipya, akaliita Mkutano, na printa ikatoa kila kitu. Akalibadilisha jina likawa Ng'ombe, kimya. Akaliita Maziwa, likatoka. Akaliita Ng'ambo, kimya. Basi akajua kwamba shida haikuwa ndani ya taarifa, ilikuwa katika jina la faili, na katika jina ilikuwa ritifaa, ile alama ndogo inayokaa juu, baada ya ng. Jina likiwa nayo, mashine iliimeza kazi yote na kudanganya kwamba imeifanya.

Akampigia simu Rodrick. Fundi yule alimweleza kwamba mfumo huu hauna muuzaji wa kulalamikiwa, lakini upo ukumbi kwenye intaneti ambako mtu yeyote anaweza kuandika kasoro aliyoiona, na watengenezaji huisoma.

"Andika wewe, dada," alisema. "Usitegemee wataigundua wenyewe. Wao hawana neno ng'ombe."

Kiingereza cha Herieth kilikuwa cha barua za ofisini. Aliandika kama alivyofundishwa katika uhazili: salamu kwanza, heshima zote, kisha akaeleza habari za akina mama wa Ruanda, mitamba waliopotea, aibu iliyompata, na chini kabisa akataja kwamba faili la ng'ombe halichapiki. Akatuma. Akangoja. Kila asubuhi alifungua ukurasa ule, ambao kwa laini ya parokia ulichukua muda wa kuchemsha chai, akakuta hakuna kitu.

Jibu lilipokuja lilikuwa mstari mmoja. Mtu asiyemfahamu alisema ameandika neno ngombe, amechapa, karatasi imetoka, haoni tatizo. Na hapo hapo akaifunga taarifa hiyo ya kasoro pale ukumbini.

Herieth aliona alichokosea yule bwana. Alidhani ritifaa ni kidole kilichoteleza, akaiacha. Akaandika tena, akaeleza kwamba alama ile ni sehemu ya neno. Safari hii akajibiwa na mwingine, kwa adabu, kwamba kama alama inaleta shida basi asiiweke kwenye jina la faili.

Aliusoma ushauri huo mara mbili. Kweli ilikuwa njia nyepesi, na yeye mwenyewe alikuwa ameshaanza kuifuata ili kazi za watu zitoke. Lakini ngombe si neno, na enzi zake ofisini mpiga chapa aliyeandika hivyo alirudishiwa karatasi. Tena hakuwa anatafuta njia ya kulizunguka shimo. Alitaka mtu akiri kwamba shimo lipo.

Akawaandikia hivyo, kwa maneno machache. Wa tatu akamjibu kwamba huenda kasoro imeshaondoka katika toleo jipya, tafadhali ajaribu toleo hilo awaambie. Toleo jipya lilikuwa kubwa mno kwa laini ya parokia. Kulivuta kungekuwa kama kulijaza pipa kwa kijiko. Rodrick akaahidi kumtumia sidii yenye toleo hilo kwa basi. Mvua zikaanza, barabara ikaharibika, sidii ikakaa Songea.

Katikati ya hayo akaitwa Lipingo. Mama yake, Recho, alikuwa anaumwa homa, na miguu imevimba. Herieth akaomba ruhusa kwa Padri, akashuka kwa lori la mizigo hadi ziwani, akakaa huko anapika uji, anachota maji, anageuza usipa wa kaka zake uliokuwa unakauka. Jioni moja mama yake, akiwa amepata nafuu ya kuketi, alimuuliza kinachomkondesha huko milimani. Herieth akajaribu kumweleza habari za kompyuta, za ritifaa, na za watu wa mbali wanaomjibu bila kumwelewa.

Mama akasikiliza mpaka mwisho. "Na wakishatengeneza, wanakulipa nini?"

"Hawalipi, mama."

"Basi lala, mwanangu. Umechoka."

Akalala kweli. Alilala mchana kutwa siku iliyofuata, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe, na wifi zake wakapika bila kumwamsha.

Aliporudi Mbinga alikuta taarifa yake imefungwa tena. Hakuna aliyeifunga kwa nia mbaya. Ukumbi wenyewe ulikuwa umepangwa hivyo, mtu akiulizwa swali asijibu kwa muda fulani, jambo lake huhesabiwa limekwisha. Sidii ilikuwa imefika, iko mezani ndani ya bahasha yenye matope. Hakuifungua. Kilian alimwambia aachane nayo, kwani kazi zinatoka na watu hawalalamiki, na Herieth hakubisha. Akaachana nayo. Kahawa ikavunwa, watoto wa shule wakafunga na kufungua, na yeye akachapa kadi za harusi bila ritifaa hata moja katika majina ya mafaili.

Halafu siku moja akakuta barua pepe iliyotoka ukumbini. Mwanamke mmoja wa nchi ya mbali, ambaye jina la ukoo wake linaandikwa kwa alama ile ile, alikuwa ameikuta taarifa ya Herieth akitafuta dawa ya tatizo lake. Kila faili alilolipa jina lake lilimezwa na printa. Akaandika pale ukumbini kwamba mama wa Tanzania amesema kweli, na kwamba yeye hatabadilisha jina la baba yake kwa ajili ya printa. Akaomba taarifa ifunguliwe.

Ikafunguliwa. Herieth akaisoma barua ile akiwa amesimama, kisha akaketi, akaipasua bahasha ya sidii.

Mashine kuukuu ililipokea toleo jipya kwa shida, mfano wa punda aliyezidishiwa mzigo, lakini ililipokea. Akajaribu. Kimya kile kile. Safari hii hakuandika salamu. Aliandika alichofanya, alichotarajia, na kilichotokea, basi. Wakamwomba aandike amri fulani, kisha awatumie maneno ambayo mashine itayatoa. Akaandika, umeme ukakatika. Akaandika tena, laini ikakatika. Alipofanikiwa alituma maneno marefu ambayo yeye mwenyewe hakuyaelewa, akafunga chumba, akaenda nyumbani kupika maharage.

Mmoja wao akaiona kasoro. Kulikuwa na programu ndogo iliyolipeleka jina la faili kwenye printa, na programu hiyo ilipoikuta ritifaa ilidhani jina limeishia hapo, ikachanganyikiwa, ikaitupa kazi. Marekebisho yenyewe yalikuwa mstari mmoja. Yakaingia katika toleo lililofuata, na toleo hilo likafika Mbinga miezi mingi baadaye, Rodrick alipolileta mwenyewe.

Gaudiosa alikuwa amerudi kuwa mteja, maana hakukuwa na chumba kingine karibu, ingawa kwa muda wote huo alizungumza na Herieth kwa salamu na shukrani tu. Siku hiyo alileta katiba ya kikundi, wanataka kujisajili. Herieth aliipiga, akaihifadhi kwa jina la Ng'ombe Ruanda, akaagiza printa. Karatasi zikatoka. Alipokuwa anazipanga akamweleza, kwa ufupi na bila kuinua macho, kilichokuwa kimetokea ile asubuhi ya mkutano, mahali kasoro ilipokuwa, na jinsi ilivyoondolewa.

Gaudiosa alizishika karatasi zake kifuani.

"Kumbe haikuwa wewe."

"Haikuwa mimi, mama."

Gaudiosa akasema ni lazima amwambie Padri. Herieth akamkumbusha kwamba Padri Othmar alishahamishwa tangu Pasaka, na huyu aliyepo hazijui habari hizo. Gaudiosa akafungua kikapu chake, akatoa chupa ya maziwa aliyokuwa anampelekea ndugu yake mjini, akaiweka mezani karibu na kibodi, akaaga.

Maneno yale matatu Herieth alikuwa ameyasubiri zaidi ya mwaka. Alidhani yakija atacheka, au atalia, au atamkimbilia mumewe karakanani kumsimulia. Yalipokuja alihisi mabega yanashuka tu, kama mtu aliyetuliwa kuni kichwani baada ya shingo kukakamaa. Alikunywa maziwa kidogo, mengine akampelekea Kilian.

Wiki hiyo hiyo watu wa ukumbini wakamwandikia. Wakamshukuru, wakamwambia jina lake limewekwa kati ya waliosaidia, kisha wakamuuliza jambo lingine: kalenda ya mfumo, ukiiweka kwa Kiswahili, inazichanganya siku za wiki, je, na kwake iko hivyo? Herieth aliisoma barua hiyo, akatazama foleni ya watu mlangoni, akaifunga. Aliifungua tena baada ya mavuno ya maharage. Akaiweka kalenda kwa Kiswahili, akaitazama, akawaandikia kwamba ndiyo, na kwake iko hivyo hivyo.