Maji Kwenye Bomba la Moshi

Kama yuko mwanamke aliyewahi kuwaringia wenzake kwa ajili ya mume, basi ni Bi Sindano. Jina hilo alipewa na wateja wake, kwanza kwa sababu alikuwa mshonaji hodari, pili kwa sababu ulimi wake nao ulichoma. Maisha yake yote alikuwa na fahari moja: alikuwa mke wa dereva wa treni. Si treni hizi za vitufe, la hasha. Garimoshi lenyewe, la makaa na mvuke. Dada yake mkubwa aliolewa na mwenye duka, akapata nyumba ya ghorofa na makochi ya kuzama. Lakini kila dada alipoanza habari za makochi, Bi Sindano alisema tu, "Mimi wangu alikuwa anavuta mabehewa, na watu wote humo ndani," na habari za makochi zikaishia hapo.

Mume mwenyewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Dereva, alikuwa mpole wa kupitiliza. Tangu astaafu, kazi yake ilikuwa kukaa dirishani na kutazama watu wakipita. Akiombwa hadithi za treni, alikuwa nazo mbili: ya ng'ombe aliyelala relini, na ya daraja lililozidiwa na mvua. Alizisimulia kwa mkato, kisha akauliza kama chai ipo. Watu walisema huo ndio unyenyekevu wa wakubwa.

Bi Sindano alipoliona lile garimoshi dogo, hakuwa na nia ya kununua kitu zaidi ya vifungo. Lilikuwa kwenye duka la vitu vilivyotumika, ndani ya sanduku la mbao, jeusi, lenye magurudumu mekundu, urefu wake kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Reli zake za kuunganisha duara zilikuwa pembeni. Alidhani ni pambo.

"Pambo?" mwenye duka alicheka. "Mama, hili linakunywa maji na kula moto. Limekamilika, huna cha kuunga wala kukaza. Subiri nikuonyeshe."

Akafungua kifuniko mgongoni, akatia maji. Akatia spiriti kwenye kitangi cha chini, akadondosha mafuta, akawasha utambi kwa kibiriti. Kwa muda halikutokea lolote. Bi Sindano alikwisha kufungua mdomo ili amwambie mwenye duka ampe vifungo vyake aende, mara kitu kikaanza kunguruma tumboni mwa lile dude. Mwenye duka akagusa kishikio, garimoshi likatema maji, likakohoa, likaondoka. Likaondoka lenyewe! Bi Sindano aliruka nyuma, akaangusha rafu nzima ya sufuria, na hakuomba hata radhi. Alisimama pale kapigwa na butwaa, mkono kifuani, akitazama vyuma vya pembeni vikienda mbele na nyuma.

Fedha alizokuwa akiweka kwa ajili ya cherehani mpya zikaishia pale. Hakujuta. Njia nzima alikuwa akiona uso wa mumewe atakapofungua sanduku. Mzee atapata injini yake tena.

Kitu cha namna hiyo hakifunguliwi na watu wawili tu. Jumapili alasiri akaita dada na shemeji, majirani wa pande zote mbili, na wateja wawili watatu wenye midomo ya kusambaza habari. Meza yake kubwa ya kukatia nguo aliitandika kitambaa cheupe, akapanga reli duara juu yake, akaweka garimoshi juu ya reli na kulifunika kwa khanga. Chai ikanywewa. Kisha akaifunua.

"Haya, Dereva," alisema, sauti ikimtetemeka kwa furaha. "Kazi kwako."

Watu wakapiga makofi. Dereva hakupiga. Aliinuka taratibu, akalitazama lile garimoshi kama mtu aliyeletewa barua ya mahakama. Akalizunguka. Akaligusa paa, akagusa gurudumu, akachukua birika dogo la maji alilowekewa. Akainama. Halafu, mbele ya macho ya watu wote, akamimina maji kwenye bomba la moshi.

Maji yaliingia juu yakatokea chini, yakatambaa kwenye kitambaa cheupe hadi ukingoni, yakaanza kudondoka juu ya kiatu cha shemeji.

Kisha jirani mmoja akapasuka kwa kicheko. "Dereva huyu! Anatufanyia utani!" Chumba kizima kikaangua kicheko, na Dereva naye akacheka, ha ha ha, kicheko kikavu. Lakini Bi Sindano alikuwa amesimama karibu naye kuliko wote. Aliviona vidole vyake vikipapasa mgongo wa garimoshi, vikitafuta tundu la maji.

Mtoto mdogo anajua kwamba bomba la moshi ni la moshi!

Alilifuta mwenyewe, akatia maji panapotiwa maji na spiriti panapotiwa spiriti, akawasha, maana wageni walikuwa wanangoja na lazima kitu kifanyike. Mvuke ulipojaa kupita kiasi, vali ya usalama ikafunguka na kupiga mluzi mkali, fyuuu, na wingu jeupe likaruka juu. Mwenye duka alikuwa amemwonya kuhusu hilo. Dereva, mzee wa injini kubwa zenye mluzi wa kupasua masikio, alijitupa chini ya meza.

Wageni walicheka mpaka machozi. Mmoja alishika mbavu. Dada peke yake ndiye aliyeacha kucheka mapema, akamtazama shemeji yake akitoka chini ya meza na vumbi magotini, kisha akamtazama mdogo wake. "Jumapili ijayo tunarudi," alisema wakati wa kuaga. "Shemeji atuendeshee kweli, utani aweke pembeni."

Mlango ulipofungwa, Bi Sindano alikaa kwenye kigoda chake cha kushonea. Mawazo yalimjia kwa mkupuo. Zamani mke wa mchochea makaa mmoja alikuwa akimletea suruali za mumewe kuziba, na suruali zile zilikuwa na vitundu vya cheche kila mahali, kama zimeliwa na mende. Za Dereva hazikuwahi kuwa na kitundu hata kimoja. Kola zake zilikuwa nyeupe. Alikuwa akirudi kazini ananukia sabuni! Na yeye, fundi wa nguo, mtu anayeweza kukwambia kazi yako kwa kutazama viwiko vya shati lako, alikuwa akijisifu kwa wenzake kwamba mume wake ni msafi kuliko madereva wote. Wanaosema siri ya mtungi aijuaye kata, waje wamuulize kata huyu.

Mumewe alikuwa anaondoa kitambaa kilicholowa mezani. Alikishika pembe kwa pembe, akakikung'uta mara moja, akakikunja, akakikunja tena, na kilipotua mezani kilikuwa mraba uliokaa sawasawa kama kimepigwa pasi.

"Wewe ulikuwa dereva?" Bi Sindano aliuliza.

Mzee akakilainisha kitambaa kwa kiganja.

"Nakuuliza wewe."

"Nilikuwa kwenye mabehewa ya kulala," alisema. "Nilikuwa natandika vitanda. Shuka, foronya, mablanketi. Asubuhi nakusanya, jioni natandika."

"Miaka yote?"

"Miaka yote."

"Na udereva ulitoka wapi?"

"Kwa baba yako," mzee alijibu kwa sauti ya chini. "Siku ile nilipokuja kwenu aliniuliza nafanya kazi wapi. Nikasema, reli. Kabla sijameza hata chai, ameshatoka nje anaita majirani: njooni mumwone mkwe wangu, dereva wa treni! Nikasema moyoni, nitamsahihisha kesho."

"Kesho gani hiyo?"

"Kesho ilifika, mke wangu. Lakini wewe ulikuwa umeshawaambia wenzako. Ulikuwa na furaha, sikuwahi kukuona hivyo. Nikaisogeza mbele."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ilikuwa ndefu kuliko reli yenyewe. Bi Sindano alikumbuka fundi saa aliyewahi kumposa, mtu mwenye kibanda chake na saa ukutani zinazolia kwa pamoja. Alimkataa kwa sababu ya dereva, na dereva hakuwapo! Aliolewa na nani basi? Alilala na nani? Alichoweza kusema ni, "Usiniguse leo," ingawa mzee hakuwa hata karibu.

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa baridi. Chakula alipakua, chai alimimina, akarudi kwenye cherehani. Lakini kila alipokanyaga cherehani alimwona dada yake anarudi Jumapili, anakaa mbele kabisa, anatazama. Dada ataondoka na habari hiyo kama aliyeokota dhahabu. Katika dunia hii Bi Sindano hakuwa na makochi. Alikuwa na dereva, na sasa ilikuwa lazima dereva apatikane.

Akafunga pazia la jikoni, akaweka garimoshi juu ya meza ya kukatia mboga, akamwita mumewe kwa kidole.

"Maji wapi?"

Mzee akaonyesha.

"Siyo hapo, hapo ni mafuta. Unataka kulilipua na sisi humu ndani? Tena. Maji wapi?"

Alimfundisha kwa hasira, lakini alimfundisha. Mzee alikuwa mzito mwanzoni, kila vali ilipopiga mluzi bega lilimruka. Kisha akazoea. Kila walipomaliza aliliacha lipoe, akalifuta kwa kitambaa kila gurudumu, kila chuma, mpaka Bi Sindano akaliona linang'aa kuliko siku alilolinunua. Na akiwa anafuta, mdomo ulimfunguka. Alianza kusimulia, polepole, bila kuombwa. Alisimulia juu ya mzee mmoja mnene aliyeshuka akasahau meno yake ya bandia chini ya mto wa kitanda, na alipokumbuka treni ilikuwa imeshageuza, na mzee yule akarudi kwa teksi mpaka kituoni, akasimama dirishani akieleza shida yake bila meno, na mkuu wa kituo haelewi hata neno, anadhani ni mgeni kutoka nchi za mbali, anamtafutia mkalimani.

Bi Sindano alikuwa amenuna, lakini kicheko kilimtoka puani kabla hajakizuia.

"Hii hukuwahi kunisimulia," alisema.

"Ningeisimuliaje? Madereva hawatandiki vitanda."

Hilo lilimchoma kuliko uongo wenyewe. Miaka yote hiyo ameishi na hadithi mbili za kuazima, ya ng'ombe na ya daraja, na hizi za kweli zimelala humo ndani zimekunjwa. Akageukia jiko, akajifanya anatafuta kifuniko.

Jumapili wageni wakaja, na safari hii walikuwa wengi zaidi. Dada alikaa mbele. Dereva alivaa shati jeupe. Alitia maji panapohusika, spiriti panapohusika, matone ya mafuta, kibiriti. Akangoja mikono nyuma. Vali ilipopiga mluzi wageni waliruka, yeye hakupepesa jicho. Akagusa kishikio kwa kidole kimoja na garimoshi likaondoka, chu, chu, chu, likazunguka meza huku mvuke ukiwapiga watu usoni. Makofi yalilipuka. Bi Sindano alishusha pumzi ambayo alikuwa ameibana tangu wiki iliyopita. Yamekwisha, alijiambia. Tumevuka.

"Shemeji, nimekubali," dada alisema. "Mkono wa dereva hausahau."

Mzee alimtazama, kisha akalitazama garimoshi.

"Shemeji, haya nimefundishwa na mdogo wako. Pale jikoni," alisema. "Mimi sijawahi kuendesha treni hata siku moja. Nilikuwa natandika vitanda kwenye mabehewa ya kulala."

Bi Sindano amelichimba kaburi, amelifukia, amelipandia maua, na maiti mwenyewe anatoka anasalimia watu! Hakuna aliyecheka safari hii. Vikombe vilisimama njiani kuelekea midomoni. Garimoshi peke yake liliendelea kuzunguka, chu, chu, chu, na hakuna aliyekuwa akilitazama.

Dada aligeuka taratibu kwenye kiti. "Mdogo wangu," alisema, na sauti yake ilikuwa tamu mno. "Wewe ulikuwa unajua?"

Macho yote yakamhamia. Akisema hapana, yeye ni mjinga wa mtaa, na mumewe ni tapeli. Mzee alikuwa amesimama kando ya meza na lile shati lake jeupe, hajitetei, mikono imening'inia. Bi Sindano alimwona jinsi alivyokuwa amesimama siku ile mbele ya baba yake, na chai mdomoni, na majirani wanaingia.

"Dada," alisema, "nguo zake alikuwa anafua nani? Wewe uliwahi kumwona dereva wa makaa mwenye kola nyeupe?"

Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Aliacha wajaze wenyewe. Jirani mmoja akaguna, "Hata mimi nilikuwa nashangaa," mwingine akaitikia, na dada akafunga mdomo, akachukua biskuti.

Sasa ilikuwa zamu ya mzee kushtuka. Alimkodolea macho mke wake, mdomo wazi. Garimoshi likaishiwa mvuke, likasimama mbele yake. Bi Sindano akamsogezea kiti.

"Kaa," alimwambia. "Waambie ile ya meno."