Mrija wa Baba Kule Igamba

Baba yangu, Hezron, ameendesha malori miaka thelathini na mbili, Tunduma hadi Dar es Salaam na kurudi, na muda wote huo hakuonja pombe ya ndugu yake yeyote. Si kwamba hapendi. Kila alikokaribishwa njiani jibu lake lilikuwa moja: "Nina gari." Ndugu wakanuna, wakasema anaringa. Yeye akanywa chai akaondoka.

Aliyeumia zaidi ni shangazi Tabita wa Igamba, dada yake mkubwa. Kimpumu chake, pombe ya ulezi inayonywewa kwa mrija huku chungu kikiongezwa maji ya moto, kilisifiwa mpaka Vwawa. Nilipokuwa mdogo niliona mrija mmoja wa tete umechomekwa peke yake kwenye paa la jiko lake. Hakuna aliyeruhusiwa kuugusa.

"Wa Hezron huo," alikuwa akisema. "Siku atakayoshuka kwenye lori lake."

Basi Desemba mwaka huu kashuka. Kesho yake baada ya kukabidhi funguo alikuja dukani kwangu Tunduma, kavaa koti aliloolea.

"Atupele, leo utaniendesha. Nakwenda kuonja."

Nilifunga duka huku naguna, maana ilikuwa Jumamosi na wateja wangu wa Zambia walikuwa wameshaanza kuvuka mpaka. Na kumwendesha dereva mstaafu ni adhabu. "Tuta hilo! Gia, mama, gia!" Gari langu ni la otomatiki.

Mlowo tulishuka kwa baba mdogo Yesaya, mnunuzi wa kahawa. Akatoa mvinyo wa Dodoma aliouficha tangu Krismasi. Baba akauzungusha mdomoni, akasema una ladha ya dawa ya kikohozi ya watoto. Walicheka mpaka wakashikana mabega, wakakumbuka walivyotoroka kwaya kwenda kuwinda panya. Nilimwonea huruma. Vicheko vingapi vya namna hii alikuwa ameviacha nyuma kwa sababu ya lori? Yesaya alipotaka kumwongezea, baba alifunika glasi kwa kiganja.

"Nafasi iliyobaki ni ya dada."

Tulifika Igamba saa nane mchana. Shangazi amezeeka jamani, mikono inatetemeka. Alikuwa na miaka minne hajapika pombe, lakini kwa ajili ya siku hii aliotesha ulezi mwenyewe, akapika mwenyewe, akamfukuza kila aliyetaka kumsaidia. Akauchomoa mrija, mweusi kwa moshi, akaufuta kwa kanga. Kwetu mwenye chungu hunywa kwanza, mgeni ajue pombe ni salama. Akavuta kwa mrija wake mwenyewe, akafumba macho, akatabasamu, kisha akampa baba ule mweusi.

"Haya, mdogo wangu. Karibu."

Baba akavuta. Nikaona koo lake linasita. Kisha akavuta tena, muda mrefu.

"Ikoje?"

"Dada," akasema, "nilikuwa mjinga miaka thelathini na mbili."

Shangazi alipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia. Nami nikapewa mrija wangu. Nilivuta kidogo tu, nikataka kutema. Ilikuwa imechacha kabisa, na kimea kilinuka ukungu. Shangazi alikuwa amekunywa hiyo hiyo na asihisi kitu. Nikafungua mdomo, baba akanikanyaga mguu.

"Ongeza maji ya moto, dada," akasema.

Alikunywa mpaka mrija ukaanza kuvuta makapi. Tulipoaga, shangazi aliurudisha mrija paani pale pale. "Sasa ni wa kila Desemba," akamwambia, na baba akaitikia.

Njiani hakunikosoa hata mara moja. Nilipita tuta moja vibaya, kichwa chake kikagonga dirisha, akajiweka sawa kitini tu. Tulipokaribia Mlowo ndipo akaongea.

"Wewe ulikuwa unakaa kwake likizo. Uliwahi kuionja ile ya zamani?"

"Alikuwa ananiachia ya mwisho mwisho, baba. Ikishapoa nguvu."

"Ilikuwaje?"

Nilipunguza mwendo, nikaanza kumweleza.